Ukitaka Kitoke, Kisome Kwanza

Wazazi wenye hasira walikuwa na milango miwili katika shule yetu. Aliyekasirishwa na pointi za mtoto alikwenda moja kwa moja kwa prefe, mkuu wa shule. Aliyekasirishwa na kitabu alizunguka nyuma ya madarasa, akapita bomba la maji, akafika kwenye mlango wa buluu wa bibliyoteki, maktaba yetu. Humo alikuwa anakaa mama mmoja wa mabega mapana, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na kabla hujamaliza salamu alikuwa ameshakuuliza:

"Ulisha kuisoma?"

Basi, ni hilo tu. Nimemwona baba mwenye tumbo na simu mbili, aliyeingia akipiga kelele mpaka watoto wakachungulia madirishani, akitoka mle ndani kimya kabisa, kitabu chini ya kwapa. Alikuwa amepewa kazi ya nyumbani, maskini.

Jina lake silitaji, kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Watoto walimwita Mama Bibliyo, walimu walimwita Mama, na mke wangu, aliyemwogopa, alimwita "ule mama wa mabuku". Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, hayo waulizeni wanaoandika hotuba za matanga. Mimi nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi ya kugombana naye, na nasema bila kutafuna maneno: hapa Lubumbashi sijaona mtu mwingine aliyeheshimu kitabu na binadamu kwa kiasi kilekile.

Na niseme mapema, nisije nikajipamba. Katika habari hizi mimi si mtu mzuri sana. Nina binti mmoja, Mwadi, na kwa sababu ya riwaya moja niliyotaka itolewe shuleni nilikaribia kumpoteza. Hakuugua, hakukimbia nyumbani. Alikuwa anakaa mezani pamoja nami, ananipa chakula, ananiamkia, na ndani yake alikuwa ameshanifungia mlango. Mama Bibliyo ndiye aliyeuona mlango ule kabla yangu.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliitunga mwenyewe. Mzazi akitaka kitabu kitoke, anapewa kitabu chenyewe, kadi ya njano, na wiki mbili. Kwenye kadi anaandika jina lake, jina la mtoto, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Chini kabisa kuna mistari mitatu mitupu, na juu yake swali: hadithi inaishaje? Asiyejaza mistari ile hana lalamiko. Arudi nyumbani akalale.

"Buku hapana tomati ya soko," alisema, "eti unafinya moja, unatupa kitunga chote."

Wengi hawakurudi na kadi. Waliorudi, wengine waliomba kitabu kingine. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kupitisha kila kitu. Mama mmoja, mshonaji, alisoma riwaya ya vita mpaka mwisho, akajaza mistari yake, akasema hii si ya watoto wa mwaka wa kwanza, wataota ndoto mbaya. Mama Bibliyo alivua miwani, akafikiri, akainuka palepale na kukihamisha kile kitabu mpaka kwenye rafu ya wakubwa. Kisha akamshika mkono yule mama kwa mikono yake miwili. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja na hasira zangu nyingine, na niliona wivu.

Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya mbao. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu liliingia hata kwenye meno, kwa hiyo kila kitabu alikivalisha karatasi ya mfuko wa simenti, ameikung'uta, ameipangusa, ameikunja pembe kwa kisu cha mezani. Mlangoni aliweka beseni, sabuni na taulo. Hakuna aliyegusa kitabu kabla ya kunawa. Inspekta mmoja alikuja na viatu vinavyong'aa na sekretari nyuma yake, akanyoosha mkono kwenye rafu. "Mikono, baba," akaambiwa. Inspekta akacheka, akidhani ni mzaha. Mama hakucheka, akabaki ameshika taulo mpaka inspekta akainama akanawa. Ripoti aliyoandika baadaye, nasikia, ilisifu usafi.

Alikuwa mkali, tena mno. Mtoto aliyekunja pembe ya ukurasa alisimamishwa mbele ya wenzake akapewa somo kuhusu miti. Padri aliyechelewesha kitabu miezi miwili alinyimwa kingine mpaka alete cha kwanza, na hapo padri alikuwa anataka vitabu vya kuandalia mahubiri ya Pasaka. Mimi mwenyewe niliitwa "muuzaji wa vipande" siku nzima kwa sababu nilirudisha kamusi na alama ya grisi. Kweli nauza vipuri vya magari, duka langu liko kwenye barabara ya kwenda Ruashi, grisi haikosi. Lakini namna alivyolitamka lile neno!

Na alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Misa ya asubuhi hakuikosa, rozari ilikaa mfukoni pamoja na ufunguo. Matusi yalimuumiza kweli; ukitukana mbele yake uso ulimbadilika. Wajukuu wake aliwakataza tamthilia za televisheni, zile za wake wanaoibiana waume. Siku moja nikamkamata hapo, nikamwambia, Mama, televisheni unakataza, na humu rafuni una vitabu vibaya kuliko hizo tamthilia. Unatuhukumu kwa mizani gani?

"Televisheni iko inasema tu, haikungojake," akanijibu. "Buku, ukisikia haya, unaifunga. Unaenda kutembea, unafikiri. Kesho unaikuta palepale, inakungojea. Mutoto anapashwa kujifunza kufunga na kufungua yeye mwenyewe."

"Na akifungua penye uchafu?"

"Atakuta kama weye ulishaka kupita pale, ao hapana. Mwizi anafichaka, muzazi anafichaka. Lakini muzazi anapashwa kuyua anaficha nini."

Mnaweza kudhani huyu alizaliwa na hekima. Hapana, aliwahi kunyima kitabu yeye mwenyewe. Kulikuwa na msichana darasani kwa Mwadi ambaye baba yake alifukiwa na udongo kwenye shimo la wachimbaji, huko Kambove. Baada ya matanga msichana akaja kuomba riwaya fulani ambayo ndani yake mchimbaji anakufa. Mama Bibliyo akakataa. "Hapana sasa," akamwambia, na akaendelea kumwambia hivyo miezi mitatu. Msichana akatafuta fotokopi sokoni, akaisoma yote, akarudi bibliyoteki, akasema kwa upole: "Mama, mule ndani ndo nilipata maneno ya kumulilia papa."

Mchana ule mlango wa buluu ulifungwa. Kesho yake, watoto wakiwa wamejipanga mbele ya bendera, Mama Bibliyo aliomba ruhusa ya kusema. Mwadi alikuwepo, na aliniletea maneno yale nyumbani yote bila kuacha hata moja: "Nilimunyima mutoto buku. Nilisemaka minamulinda. Hapana, nilijilinda miye, juu niliogopa alie mbele yangu. Nilikosea." Akarudi kwenye nafasi yake. Mwadi alinisimulia macho yake yakiwa makubwa, kwa sababu hakuwa amewahi kusikia mtu mzima akisema neno lile mbele ya watoto. Mimi nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Kuhusu kadi za njano, zilizaliwa kutokana na uji. Prefe mmoja wa zamani, mtu wa filimbi na mistari iliyonyooka, aliletewa na mzazi orodha ya kurasa chafu za riwaya moja ya mapenzi: kuanzia ukurasa wa 61 hadi wa 68. Hakutaka makelele. Akaamuru kurasa zile zibandikwe zisifunguke. Mama Bibliyo alikataa mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa barua. Mara ya nne akasema, "Muzuri, prefe." Akakoroga uji mzito wa unga wa mahindi, ule tunaobandikia karatasi tangu utoto wetu, akakaa siku nzima akibandika nakala zote saba.

Sasa sikilizeni. Yule mzazi alikuwa amesoma fotokopi ya soko, ile ya herufi ndogo zilizobanwa ili karatasi isiishe. Kitabu cha shule kilikuwa cha herufi kubwa. Ndani ya kitabu cha shule, kurasa zile nane zilikuwa na mazishi ya bibi kizee na mahubiri marefu ya mchungaji. Yaliyobandikwa ni mahubiri. Uchafu ulibaki mbele kurasa ishirini, uko wazi. Watoto nao, wakijua panapobandikwa ndipo penye utamu, walifungua zile kurasa kwa mvuke wa sufuria za mama zao, wakasoma mahubiri yote wakitafuta dhambi. Mende wakamalizia uji.

Prefe alipogundua akamwita.

"Mama, uliyuaka?"

"Niliyuaka."

"Na juu ya nini hukusema?"

"Nilisemaka mara tatu. Mara ya ine ulisema niheshimu amri. Nikaheshimu."

Lakini alipomaliza kucheka, na alicheka kweli, mpaka akashika meza, alimwambia prefe jambo moja: hakuna aliyekuwa amekisoma kile kitabu, si mzazi hadi mwisho, si prefe hata mwanzo. Ndipo akaomba ruhusa ya kutengeneza kadi. Prefe, kwa aibu, akamruhusu.

Nafika kwangu sasa, na sina hamu ya kufika.

Mwadi alikuwa mwaka wa tano. Mwalimu wao wa Kifaransa alikuwa amewapa riwaya ya msichana wa kambi ya wachimbaji ambaye baba yake anaahidi kumwoza kwa mfanyabiashara wa shaba. Msichana anakataa, anabeba mimba ya kijana anayempenda, anaacha kwaya. Mimi nililetewa kurasa mbili tu, kwenye simu, zimepigwa mistari myekundu, katika kundi la wazazi. Kurasa mbili zile, jamani, zilikuwa za moto. Nilikuwa katibu wa komite ya wazazi. Jioni ileile niliandika barua ya lalamiko, maneno yake mazito, "maadili" mara nne, nikaipeleka kwa mwenyekiti. Asubuhi nikapita nyuma ya madarasa.

"Ulisha kuisoma?"

"Nilisha soma ya kutosha."

"Kurasa ngapi?"

"Mbili. Lakini Mama, mbili zile..."

"Baba Mwadi, weye uko unauza vipuri. Mutu akikuletea kioo cha pembeni kimevunjika, aseme gari yote ilikufa, utamuambia nini?"

Nikachukua kitabu na kadi, shingo inawaka. Wiki ikapita, sikukifungua, nilikuwa na kazi. Nikarudi nikasema nimemaliza. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama wa ule mutoto anauzaka nini?"

Nikafikiri haraka. Wanawake wa kambini wanauza nini? "Mboga," nikasema.

"Haiuzake kitu. Alikufaka ku ukurasa wa kwanza."

Lo! Nilitamani sakafu ifunguke. Hakunicheka. Akanirudishia kadi, akasema bado nina siku saba.

Nilikisoma siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mchana, kwenye baraza ya nyumba yangu. Ya kwanza nilisoma nikitafuta makosa. Ya pili nilisahau. Yule baba wa kitabuni si mnyama, na hilo ndilo lililoniuma. Ni mtu wa watu, anachekesha wageni, anagawa nyama. Lakini kila binti yake anapofungua mdomo kusema la moyoni, anamkatiza: kwanza leta maji, kwanza funga mlango, kwanza angalia mkaa. Kitabu kizima yule mtoto hajamaliza sentensi moja mbele ya baba yake. Nilipofika mwisho nilirudi nyuma nikasoma tena mahali fulani, kuhakikisha.

Usiku uleule, wakati wa chakula, Mwadi akasema, "Papa, nilikuwa nataka kusema, juu ya masomo ya mwaka ujao..." Nilijua anataka nini. Alitaka fasihi, mambo ya lugha. Mimi nilishaamua biashara. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Kwanza leta chumvi."

Chumvi ilikuwa mezani.

Nilijaza mistari yote mitatu ya kadi, hata nikaandika pembeni kwa kukosa nafasi. Niliandika kwamba kitabu kile kinapaswa kusomwa na akina baba kwanza. Mama Bibliyo alisoma, akaweka kadi kwenye faili, akasema tu, "Asante, Baba Mwadi." Lakini niliona amefurahi. Niliondoka pale mwepesi, nimeshaamua kwenye mkutano wa komite nitaifuta barua yangu.

Mkutano ukafika Jumamosi. Wazazi kumi na mmoja kwenye madawati ya watoto, magoti yamebanwa, prefe mpya mbele. Mwenyekiti wetu, shemasi wa parokia, mtu mzuri wa sauti nzuri, alianza kwa sala. Kisha akasoma barua yangu yote, kwa sauti ileile ya Injili, na akanishukuru mbele ya watu: "Tuko na baba mumoja mwenye kuchunga batoto betu." Wakapiga makofi. Mmoja akanipiga bega. Mnaelewa? Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi maishani mwangu, mimi muuza vipande.

Mama Bibliyo aliitwa ajieleze. Alisimama na faili lake, hakutoa hotuba. Akauliza:

"Ni nani kati yenu alisha kusoma hii buku mupaka mwisho? Anyooshe mukono."

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Nauona mpaka leo, ulivyolala pale. Nilisema moyoni, sasa, inua, sasa. Macho yake yalipita juu ya kila mmoja wetu, yakafika kwangu, yakaendelea. Kadi yangu ilikuwa ndani ya faili alilolishika, mwandiko wangu, sahihi yangu. Angefungua tu. Hakufungua.

"Muzuri," akasema. "Basi munatoa kitu hamuyue. Katibu, andika vile."

Katibu nilikuwa mimi. Nikaandika: hakuna aliyenyoosha mkono. Si uongo, mnaona? Ndivyo sisi waoga tunavyoandika.

Kitabu kikatolewa. Nakala zote zikatiwa kwenye katoni, katoni ikaenda kwa prefe, na mwalimu wa Kifaransa akapewa kitabu kingine chenye mbuzi na mkulima. Mwisho wa muhula Mama Bibliyo akaweka ufunguo wa mlango wa buluu juu ya meza ya prefe. Miaka yake ya kustaafu ilikuwa imeshapita, walikuwa wanambakiza kwa sababu hakuna mwingine. Alimwambia prefe hawezi kuwaomba wazazi wasome, kisha wasiosoma ndio waamue. Waliofanya sherehe ya kumuaga ni watoto. Mimi nilipeleka soda, nikaziacha mlangoni.

Jioni ya ule mkutano Mwadi alikuwa ananingoja. "Papa, mulisema nini kule?"

"Balikuwa bengi, mama," nikamjibu. Hakuniuliza tena, si siku ile wala nyingine. Alikwenda chuo, akasomea Kifaransa bila ruhusa yangu na bila ugomvi, akapata kazi ya ualimu Likasi. Simu alikuwa anapiga kila Jumapili. Afya, mvua, bei ya unga. Miaka ikaenda hivyo, sauti nzuri, adabu zote, na hakuna kitu ndani.

Siku chache zilizopita mke wangu akaniambia jambo ambalo Mwadi alimwambia yeye, si mimi. Kule Likasi komite ya wazazi inataka kutoa riwaya anayofundisha. Ni riwaya ileile. Mkutano ni wiki ijayo, na yuko peke yake.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikafunga duka, nikaenda Ruashi.

Mama Bibliyo siku hizi anakaa kwenye nyumba ya mwanawe, matofali bado hayajapakwa, mahali ambapo malori ya mgodi yanapita mpaka vikombe vinalia kabatini. Miguu imevimba, hatembei mbali. Nilimkuta uani anachambua maharagwe kwenye ungo, miwani mipya, mabega yaleyale. Alinitambua kabla sijafika.

"Baba Mwadi. Kaa."

Nikakaa. Nikazungumza habari za miguu yake, za mwanawe, za vumbi. Aliniacha nizunguke mpaka nikachoka. Kisha nikasema yote: Likasi, mkutano, mkono wangu gotini. Nikamwambia, Mama, nimekuja kuomba msamaha.

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akaliweka pembeni.

"Bale kumi nilishaka kubasamehe zamani," akasema. "Hata siku ile yenyewe. Habakusoma. Mutu haiyue kitu, utamukasirikia nini? Lakini weye, Baba Mwadi. Weye ulisoma."

Akarudi kwenye maharagwe.

"Mama, kadi yangu ulikuwa nayo. Juu ya nini hukuionyesha?"

"Ningeionyesha, bangeyua kama ulisoma. Haungesema weye. Ningekuwa nimekunyang'anya neno lako."

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza miye? Miye hapana padri. Nilikuwaka mama wa mabuku." Akaendelea na ungo wake kidogo. "Mwadi ulisha kumuambia?"

"Bado."

"Sasa uko unatafuta nini kwangu?"

Hakunifukuza, lakini niliinuka. Alisimama naye, kwa shida, akanisindikiza mpaka kwenye mlango wa uzio, na hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, nami siwezi kumlaumu.

Nilisimama kando ya barabara, nikangoja malori mawili yapite, nikapiga simu Likasi. Haikuwa Jumapili. Mwadi akashtuka: "Papa? Kuko nini?"

Nikamwambia bila kupumzika, nisije nikakimbia. Kwamba lile buku nililisoma lote, kabla ya ule mkutano. Kwamba nililiona kuwa la kweli, na niliuona uso wangu ndani yake. Kwamba Mama Bibliyo aliuliza nani amesoma, nami nikaficha mkono, na nilipofika nyumbani nikamficha yeye pia. Kwamba wiki ijayo, akitaka, nitapanda gari kwenda Likasi, nikae mbele ya wale wazazi, niwaambie hivihivi.

Mwadi akaniacha nimalize.

"Papa, niliyuaka."

"Uliyuaka nini?"

"Nilikuonaka ku baraza, unasoma. Ulifika ku mwisho, ukarudia nyuma. Kesho ya ule mukutano nilienda kwa Mama Bibliyo na hasira mingi, nikamuambia leo nitamuuliza papa mbele ya bantu bote. Akanikataza. Akasema: hapana muuliza. Ukimuuliza leo atakudanganya, na akisha kukudanganya hautamuheshimu tena hata siku moja. Muache. Atasema yeye mwenyewe."

Nikashika ukuta wa jirani, ulikuwa moto kwa jua.

"Na wewe ukangoja?"

"Tulingojaka babili, papa. Miaka kenda. Kila nikifika Lubumbashi ninapita kumuamkia, na kila mara ananiulizaka: alisha kusema? Miye minajibu bado." Nikasikia anafuta pua. "Kata simu, papa. Kata, nimupigie."